Siku Baba Alipohudumiwa

Mzee Abubakar aliketi nusu kiti. Nusu ya pili aliiacha wazi, kana kwamba yuko mwenyewe atakayekuja kuidai, na miguu yake chini ya meza ilikaa tayari kwa safari. Binti yake Barakat aliliona hilo akacheka.

"Baba, egemea. Kiti ni chako mpaka tuondoke."

"Nimeegemea," alijibu mzee, bila kuegemea.

Barakat hakujali. Tangu alfajiri moyo wake ulikuwa ukidunda kwa furaha. Alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza wa uuguzi, na kabla hajajinunulia hata kandambili, alikuwa amekata shauri: Jumamosi mchana atamtoa babake Magogoni, amlete Port Reitz, kwenye mkahawa mpya wa Zumaridi, ghorofani, penye vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi. Zamu ya mama ingefika mwezi ujao. Baba alitangulia kwa sababu moja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa weita katika hoteli ya watalii ya ufuoni, na watoto wake watano walisomeshwa kwa bakshishi. Hata nyumbani alikula amesimama jikoni, kwa mazoea. Barakat hakukumbuka hata siku moja kumwona akianza mlo na kuumaliza ameketi. Leo, wallahi, angeketi mwanzo hadi mwisho, naye ahudumiwe. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa hamu ya mtoto anayengoja mwezi wa Idi uandame.

Mhudumu alifika na sinia, msichana mwembamba mwenye kibandiko cha jina kifuani: Nyamvula.

"Shikamoo, baba. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, huku akisogeza bilauri kupisha sinia. "Hamishia mkono wa kushoto kidogo. Utalipumzisha bega."

Barakat alimgusa kwa kiatu chini ya meza. "Baba!"

"Haya, nimenyamaza."

Samaki wa kupaka alikuja akitoa mvuke, na wali wa nazi, na birika la chai ya tangawizi. Mzee alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. Barakat alikuwa akiyahesabu, na kila tonge lilimpandisha raha. Ndipo mwanamume mmoja kwenye meza ya jirani, miongoni mwa wanne waliovaa vitambulisho vya kazi shingoni, alipoinua kidole bila kutazama vizuri.

"Mzee, tuletee ndimu!"

Si wa kulaumiwa sana. Mzee Abubakar alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, na nguo zake za kutokea zilikuwa shati jeupe, suruali nyeusi na viatu vinavyong'aa.

"Labeka!" aliitika, na neno halijamtoka vizuri alikuwa wima.

Barakat alihisi uso ukimwaka. Alimwona babake akichukua kisahani cha ndimu kwenye kaunta, akakiweka mezani pale kwa adabu, akauliza kama samaki amewaridhisha, akapanga sahani nne tupu za supu juu ya mkono mmoja na kuzipeleka jikoni, wale wanaume wakicheka naye kama wanamjua toka zamani. Alirudi na noti ya shilingi mia mbili na uso wa bwana arusi.

"Mkono haujasahau! Umeona? Sahani nne!"

"Baba, umeniaibisha," Barakat alisema, na papo hapo akajuta, maana ile nuru usoni mwa mzee ilizimika. "Mimi nimekuleta uhudumiwe."

Mzee alikaa, akaivuta sahani yake.

"Aibu iko wapi, mwanangu? Kile kitabu chako kinene cha mifupa na mishipa, wajua alikinunua nani? Bibi mmoja Mwitaliano asiyejua kuvunja kaa. Nilimvunjia wiki nzima. Siku ya kuondoka alinishika mkono, na alipouachia, bei ya kitabu ilikuwa imo kiganjani."

Barakat alicheka bila kutaka, kisha macho yakamlengalenga. Kitabu kile alilala nacho kitandani mwaka mzima.

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kula, samaki atapoa."

Walipomaliza, Nyamvula alileta bili, na Barakat akaidaka kabla babake hajanyoosha mkono. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: ada ya huduma, asilimia kumi. Mzee, aliyeweza kusoma bili hata ikiwa juu chini, alikwisha kuiona. Alimwashiria Nyamvula ainame.

"Mwanangu, hii huwafikia?"

Msichana aliitupia jicho kaunta, alikoketi meneja Erastus nyuma ya kompyuta. Akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Baba, huu ni mwaka wangu wa pili hapa, sijaiona. Na wateja wakishaisoma hawatoi tena kitu mkononi, wanadhani wameshatulipa. Lakini tafadhali, mimi sijasema kitu. Kazi naitaka."

Alipokwenda zake, mzee aliitoa ile noti yake. "Nitampa hii, yaishe," alinong'ona. "Usiseme neno. Mtu wa kazi hii hashindani na kaunta. Mimi sikushindana nayo hata siku moja."

Barakat alimtazama. Miaka thelathini na mmoja! Moyo ulianza kumdunda tena kama alfajiri, ila safari hii ulidunda na moto ndani yake. Aliinuka.

"Keti, Baba."

Alikwenda moja kwa moja hadi kaunta, na sauti ilitoka imenyooka. "Habari, kaka. Naomba uniondolee ada hii ya huduma. Kwenye menyu haimo, na ukutani sikuiona."

"Dada, hiyo kompyuta hujumlisha yenyewe," alisema Erastus bila kuinua macho.

"Kumbe kompyuta ndiyo iliyotuletea samaki?"

Wale wanaume wanne waliangua kicheko. Mmoja akaivuta bili yao na kuisogeza karibu na macho. "Ebo! Hata yetu imo!"

Erastus sasa aliinua macho. "Ni utaratibu wa mkahawa, dada."

"Sikatai kuitoa, kaka. Nataka niitoe kwa mkono wangu, nimpe aliyenihudumia. Baba yangu ni weita. Kwetu ndivyo tulivyofunzwa."

Alilisema neno hilo, weita, kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. Erastus aliitazama meza ya wanaume wanne, akashusha pumzi, akabonyeza vitufe. Mashine ikaanza kutoa karatasi nyingine.

"Na yetu," alikumbusha yule mwenye bili.

Nyuma yake Barakat alimsikia Nyamvula akisema, "Nikuongeze chai, baba?" Alingoja kusikia kiti kikikwaruza sakafu, na mzee akisema lete birika nimimine mwenyewe. Hakikukwaruza kitu.

"Niongeze."

"Sukari vijiko vingapi?"

Barakat aligeuka, bili mpya mkononi. Babake alikuwa amemkodolea macho msichana, midomo imeachana kidogo, anafikiri. Swali hilo aliwauliza watu maisha yake yote ya kazi.

"Vitatu," alisema mwishowe. Nyamvula alipochota cha tatu, aliinua kidole upesi.

"Hebu ngoja. Tia vinne."