Mke wa Asiyezikwa

Violeth alikuwa ameshaamua kila kitu kabla Salome hajakaa vizuri kwenye kiti cha saluni. Gauni lisiwe refu, mchanga utalichafua. Viti vya plastiki vikodishwe kule kule Nkome, ziwani, na vifungwe vitambaa vyeupe. Kusiwe na maturubai, kusiwe na spika, kusiwe na msafara wa magari yanayopiga honi. Watu wasizidi wanaoenea meza moja: bwana na bibi harusi, mchungaji na mkewe, rafiki mmoja wa bwana harusi, Enock, na yeye Violeth kama msimamizi.

"Siku hiyo jioni ikifika, wewe ni mke wa mtu," alisema huku akimchana nywele, "na kule Mhunze kwa wakwe zako hakuna aliyepiga hata chafya."

"Mimi ni mke wa mtu sasa hivi," Salome akasema.

Violeth akasimamisha kitana. "Mahakama imeshasema Masalu amekufa, Salome."

"Mahakama imesema. Mama Masalu hajasema."

Violeth akaendelea kuchana. Aliijua habari hiyo kama alivyoijua kila mtu aliyekaa Kalangalala, pale Geita mjini, miaka ile. Masalu, mume wa Salome, aliteremka kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, asubuhi moja ya masika, yeye na wenzake, kuchimba dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na magogo yaliyoshikilia kuta yalikuwa yamelegea. Kabla ya mchana ardhi ilijikunja ikafunga mdomo. Watu walichimba kwa sururu na kwa mikono, halafu kifusi kikazidi kuporomoka, halafu mwenye duara akasema waokoaji nao watafukiwa. Wakaacha. Shimo likawa bonde dogo la udongo mwekundu, na baadaye nyasi zikaota juu yake.

Mama mkwe alikuja kutoka Mhunze, akakaa ukingoni mwa bonde lile tangu asubuhi hadi jua likazama. Wanawake walipoanza kulia, akawanyamazisha. "Mnamlilia nani? Nimemzika nani mimi?" Hakuruhusu matanga. Hakuruhusu mtu anyoe nywele. Akamwambia Salome, "Wewe ni mke wa Masalu mpaka nimwone." Kisha akarudi kwake, na Salome akabaki Geita na cherehani yake, hana mtoto, hana kaburi, hana hata siku ambayo angeweza kusema tanga limeanuliwa.

Enock alimkuta hivyo. Alikuwa fundi wa injini za boti huko Nkome, mtu wa maneno machache, mikono yake ikinuka petroli hata siku ya Jumapili. Alileta suruali ishonwe, akarudi kuichukua, akarudi tena bila suruali. Alipomwambia anataka wafunge ndoa, Salome aliomba mambo mawili tu. La kwanza, isitangazwe kanisani mjini, maana shemeji yake Maige alikuwa na watu wake kila kona na habari ingefika Mhunze kabla ya ibada kwisha. La pili alilisema akiwa ametazama chini.

"Nataka mahali ambapo ardhi haijachimbwa."

Ndipo Enock akafikiria ufukwe.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka kwa pikipiki akauone. Walipita pale wanapoanika dagaa, wakazunguka mawe makubwa ya mviringo, wakatokea kwenye kighuba kidogo kilichojificha. Mchanga ulikuwa msafi, wa kijivu cheupe, na ziwa lilikuwa limetulia mpaka usingejua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Enock alikuwa na furaha ya mtoto. Alichora mstari kwa kisigino: hapa mchungaji Mihayo, hapa sisi, hapa viti. Upande ule meza, kwenye kivuli cha jiwe, na mke wa mchungaji amekubali kupika samaki wa sato.

"Unasemaje?" aliuliza.

Salome alifungua mdomo aseme ni pazuri. Nyuma ya jiwe, karibu kabisa, mtu akasema:

"Salome, maji yapo?"

Ilikuwa sauti ya kawaida. Haikuwa na hasira wala majonzi. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyetoka kazini, kachoka, mwili mzima udongo, anataka kuoga kabla hajala. Masalu aliuliza hivyo kila jioni ya ndoa yao, akiwa bado yuko nje, kabla hata hajavua buti.

Alizunguka jiwe mbio. Palikuwa na matete, na ndege mmoja mweupe aliyeruka.

"Umeona nini?" Enock aliuliza.

"Nilidhani kuna mtu."

Hakumwambia zaidi, kwa kuwa angelazimika kumwambia yote. Angemwambia kwamba hakuwahi kuacha kupeleka ndoo ya maji bafuni kila jioni, lile bafu la mabati nyuma ya chumba alichopanga. Mwanzoni alipeleka kwa mazoea, baadaye kwa kuogopa kuacha. Maji yalikuwa yakilala mpaka asubuhi, naye akaumwagilia mchicha. Ila tangu alipomkubalia Enock, maji hayakulala tena. Akienda kuyachukua anakuta ndoo iko nusu, kata ya kuchotea iko chini, na sakafu ya saruji imelowa maji mekundu yanayoelekea kwenye tundu la kutolea.

Alijaribu kutopeleka. Jioni hiyo sauti ilimwita dirishani, ikamwita tena na tena, kwa upole ule ule, mpaka akatoka na ndoo.

Maandalizi yakaendelea hivyo hivyo. Tangazo la ndoa likabandikwa ofisini kwa msajili na hakuna aliyelisoma. Violeth akanunua vitambaa vya viti. Salome akashona gauni lake mwenyewe barazani mchana kweupe, na waliopita wakiuliza akawaambia ni la mteja. Alikonda. Violeth akambania gauni kiunoni, wiki iliyofuata likawa limepwaya tena.

Jioni moja Enock alifika bila kutoa taarifa. Alisalimia, akazunguka nyuma ili anawe mikono. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani alikuwa anaoga?"

Salome akakaa chini kwenye kizingiti. "Umeona?"

"Nimesikia maji yanamwagika. Nikasubiri atoke. Hakutoka mtu. Nikasukuma mlango." Akaitazama mikono yake ambayo hakuinawa. "Kuna matope mekundu, Salome. Mtaa huu wote hauna udongo ule."

Akamwambia yote basi. Alitegemea Enock achukue pikipiki yake aondoke, na asingemlaumu. Enock akakaa naye kizingitini.

"Anataka nini?"

"Kuoga tu. Hasemi kingine."

"Ndoa isubiri," Enock akasema. "Mchanga hauondoki. Mtu hawezi kuanza nyumba na mwingine hajatoka. Nenda kwa mama yake."

"Atanilaani."

"Na hapa ulipo je?"

Akaenda. Alilala Kahama kwa binamu yake mtaa wa Nyahanga, na kesho yake mchana akashuka Mhunze, kwenye jua linalochoma hata kupitia kanga. Mama Masalu alikuwa uani akianua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa amezeeka upande mmoja, kama nyumba inayobebwa na ukuta uliobaki.

"Shikamoo, mayu," Salome alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mke wa Masalu huyo." Hakuonyesha mshangao. Alimpa kigoda, akamletea michembe iliyopikwa na karanga, akasubiri amalize kula. Ndipo akasema, "Sema. Hukuja kunisalimia."

Salome alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakampotea. "Nataka kuolewa, mayu. Na Masalu anakuja. Anakuja kila jioni, ananisemesha."

Kikongwe alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu ambayo Salome hakuitarajia.

"Anakusemesha?"

"Ananiuliza kama maji yapo."

"Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

Mama Masalu akamwachia. Salome alijiandaa kwa laana, lakini kilichotoka kilikuwa kilio kidogo, kikavu, cha mtu aliyedhulumiwa.

"Mimi hajawahi kunisemesha," alisema. "Anakuja hapa pia. Jua likianza kuzama anasimama pale kwenye lango la zizi, amenipa mgongo, kama anahesabu ng'ombe. Namwita, hageuki. Nikisogea, hayupo. Tangu siku ile mpaka leo namtazama mgongo. Na wewe usiye na damu yake anakuita kwa jina!"

Salome alitazama lile lango. Palikuwa na miti miwili na samadi iliyokauka.

"Ndiyo maana ulikataza matanga," alisema polepole.

"Nikimlilia atakwenda. Watu wa zamani walikuwa wanamaliza upesi ili marehemu aende. Mimi sikutaka aende. Mgongo ni bora kuliko kukosa." Alifuta pua kwa upindo wa kitenge. "Sasa wewe ukiolewa atakwenda tu. Sitabaki hata na huo mgongo."

Walikaa. Maige, mdogo wake Masalu, aliingia uani akasikia neno kuolewa, akaanza kufoka kwamba mke wa ukoo haolewi ovyo na watu wa ziwani. Mama yake hakumgeukia. "Maige, kaa chini," alisema, naye akakaa.

Salome hakujua alikotoa ujasiri. "Twende Geita, mayu. Ukamsikie."

Walisafiri pamoja. Njiani kikongwe alishika kifurushi chake mapajani. Walipofika Kalangalala hakutaka hata kuketi ndani. Akauliza bafu ni lipi, akaweka kigoda mbele ya mlango wa mabati, akakaa. Salome akachota maji, akayachanganya na ya moto, akapeleka ndoo. Kisha akasimama kando ya ukuta. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba za jirani na moshi wa mikaa ulikuwa umeanza kutanda mtaani.

Walingoja. Salome alisikia mtoto analia nyumba ya tatu, akasikia redio ya mtu, akasikia moyo wake. Hakusikia kingine.

Mama Masalu akainua kichwa ghafla.

Uso wake ulifunguka. Salome hakuwahi kuuona uso ule. Kikongwe alianza kuongea Kisukuma, haraka haraka, mara anacheka kidogo, mara anakaripia, anauliza yale mama anayomuuliza mtoto aliyechelewa: umekula wapi, mgongo bado unakuuma, mbona hukugeuka nilipokuita. Akanyamaza akisikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Akaongea tena, sasa kwa sauti ya chini, na Salome aliyashika maneno ya mwisho.

"Maji yapo, mwanangu. Oga. Ukimaliza, nenda. Usipite tena kwangu, wala hapa usirudi."

Akainuka, akaingia bafuni, akaibeba ile ndoo mwenyewe na kuimwaga yote sakafuni. Maji yalitoka kwenye tundu yakiwa meupe.

"Amesemaje?" Salome aliuliza.

"Kasema maji yana moto mzuri."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Salome alilala akiwaza kwamba labda masikio yake yalikuwa yamefungwa ili mama apate zamu yake. Labda pia bafuni hapakuwa na mtu, na mwanamke yule alimwaga kwa makusudi kitu pekee alichobaki nacho, ule mgongo wa mwanawe, kwa ajili ya mkwe ambaye hata mjukuu hakumpa. Alitaka kumuuliza. Kila alipomtazama, aliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Mhunze wakaweka matanga. Walizika shati la Masalu na buti zake kando ya kaburi la baba yake, wakanyolewa, na wanawake wakalia kilio kilichokuwa kimebanwa miaka yote. Salome peke yake hakulia. Macho yalikuwa makavu kama uwanja ule. Aliwasikia wakinong'ona kwamba roho yake imeshahamia kwa mwanamume mwingine.

Harusi ikaja baada ya hapo. Ilikuwa vile vile kama Violeth alivyopanga, isipokuwa nywele za bibi harusi zilikuwa zimeota kidogo tu, na kiti kimoja kiliongezwa. Mama Masalu alikaa pale mbele, kavaa kitenge kipya, miguu yake kaichimbia kwenye mchanga, akitazama maji mapana namna ile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Maige hakuja.

Mchungaji Mihayo aliposoma, upepo ulimpeperushia kurasa na mkewe akamshikia. Enock alitamka maneno yake kwa sauti ya kusikika, yeye aliyezoea kunong'ona. Salome akatamka ya kwake. Alipokuwa akinyoosha kidole avishwe pete alijikuta anatega sikio kuelekea mawe, na alijua kwamba Enock ameona. Mawimbi yalipiga, yakarudi, yakapiga. Mtu hakumwita.

Ukimya ule ndio uliompata. Ulimwingia kifuani ukapanuka, na kabla pete haijapita kifundo cha kidole Salome alikuwa ameanguka kwa magoti, analia kwa sauti, kilio cha msiba, akimwita Masalu kwa jina mbele ya mume wake mpya na mchungaji na sato waliokuwa wanapoa mezani. Violeth alitaka kumkimbilia. Mama Masalu akamshika mkono akamrudisha kitini.

Enock alipiga magoti naye mchangani, na suruali yake nzuri ikalowa. Hakumwambia anyamaze. Alimshika tu, mpaka sauti ikaisha yenyewe, halafu akautafuta mkono wake, akamalizia kumvika pete.