Bi Mwanapili Yumo Bangoni

Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, Ilham Amour alikuwa amekaa kwenye ngazi za chuo chao, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa huko Mji Mkongwe, akijaza daftari la tafakuri kwa kalamu ya kuazima. Chuo kilifundisha kupiga picha na kusanifu michoro, na kila mwanafunzi akishamaliza kazi alitakiwa ajibu maswali matatu: umefanya nini, umejifunza nini, na ungerudia ungefanya nini tofauti. Wenzake walinakili majibu ya wanafunzi wa mwaka uliopita, na mmoja akanakili mpaka jina. Ilham aliandika ya kwake. Hakuwa mvivu, na tena mambo yaliyokuwa yakizitokea kazi zake hayakuwahi kuzitokea za mtu mwingine, kwa hiyo hakukuwa na pa kunakili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpiga picha mtu aliye kazini. Ilham alimchagua jirani yao, Bi Mize, anayeshona dirishani kofia za viua, zile za vitundu vya sindano. Alingoja siku tatu mpaka akaijua saa ambayo jua linapenya uchochoroni, linagusa sindano, halafu linakwenda zake. Akalipata. Kila tundu la kofia lilionekana, na kofia ilikuwa imefika nusu. Bi Mize alipoiona picha hiyo aliutengeneza ushungi wake, kama mtu aliyejiona kwenye kioo.

Wiki mbili baadaye, siku ya kusahihisha, Mwalimu Sabri aliiweka picha mezani. Mwalimu Sabri ni mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Akavaa ya kuonea.

"Uliniletea kofia nusu," alisema.

"Naam, mwalimu."

"Sasa imekwisha. Na ameshaanza nyingine."

"Bi Mize hapendi kuacha kazi njiani."

Mwalimu akaandika pembeni: mwanga mzuri sana, mkono umetulia, ila mwanafunzi awasilishe kazi ileile aliyoionesha mwanzo. Akampa themanini na mbili. Bi Mize alipopelekewa habari aliuliza kofia ile ya pichani ni ya kichwa cha ukubwa gani, basi.

Kazi ya pili ilikuwa lebo ya sabuni ya mwani. Ilham aliichora kwa mkono, herufi zimejikunja kama mwani wenyewe ukiwa majini, na yeyote aliyeishika alitamani kunawa. Lebo hiyo ilikuwa ikilowa kila maji ya bahari yanapojaa na kukauka yanapokupwa. Mwalimu Sabri alishauri karatasi nzito zaidi.

Kazi ya tatu ilikuwa bango, na hapo ndipo penye maneno.

Hoteli mpya ilikuwa ikimaliziwa kujengwa Bwejuu, na meneja wake, kijana mwenye adabu na viatu vyeupe aitwaye Suhail, alikuja chuoni kutafuta picha ya kujaza ukuta mzima wa ukumbi wa kupokelea wageni. Wanafunzi wote wangeshindana. Wengine walikwenda kupiga milango na paka. Ilham alikwenda Bwejuu, kwa sababu ndiko kwao mama yake, na bibi yake, Bi Mwanapili, bado alikuwa huko akilima mwani.

Palikuwa na njia. Ilipita kati ya viwanja viwili, upana wake wanawake wawili na kipolo kimoja, kigunia cha mwani, na ilitoka majumbani ikashukia pwani moja kwa moja. Bi Mwanapili na wenzake walikuwa wakiipita zaidi ya miaka thelathini. Sasa viwanja vyote viwili vilikuwa vya hoteli, na njia ikawa imo ndani. Geti lilishasimama. Barua iliyobandikwa kwenye geti lenyewe ilisema litafungwa siku ya ufunguzi, ambayo ni lugha ya barua. Kuzunguka kwa njia nyingine, ya mchangani, isiyopitika mpaka maji yatoke, ni dakika arobaini na tano kwenda na arobaini na tano kurudi. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakikupwa humwachia mtu saa tatu za kazi. Ukitoa za miguu, unabaki na muda wa kuvisalimia vigingi vya mwani na kurudi nyumbani.

Ilham alikuwa na nia yake: mgeni alitazame bango, awaone wanawake, aulize wanapita wapi. Aliamini swali hilo likiulizwa mbele ya watu, geti litabaki wazi. Alikuwa na miaka ishirini.

Akaipiga picha ile kwa bamvua tatu mfululizo. Alipiga magoti majini, maji yakamfika mapajani, kamera ndani ya mfuko wa plastiki aliouombea dua usivuje kabla ya kila picha. Na ikatoka picha ambayo hata watu wasiompenda Ilham waliomba kuiona tena. Maji membamba kama mafuta juu ya sahani, mistari ya mwani inakwenda mpaka mbali, na mbele, ameinama, Bi Mwanapili, kanga imekazwa kiunoni, kamba fupi ya kufungia mwani ameishika kwa meno, macho yake kwenye kigingi kama mtu anayemkemea. Nyuma yake wenzake wanne.

Suhail aliitazama muda mrefu.

"Mashaallah," alisema. "Hii ndiyo. Ila hawa uwaondoe. Mgeni anataka pwani tupu."

"Pwani tupu si ya huku," alisema Ilham.

"Itakuwa," alisema Suhail, kwa adabu.

Mwalimu Sabri alimwita pembeni. "Mteja akisema ondoa, unaondoa. Na hilo ni somo, mwanangu. Hatuna jingine."

Ilham akakaa mbele ya kompyuta siku mbili. Aliwafuta wale wanne, kisha akamfuta bibi yake kuanzia miguuni, maana kuanzia usoni alishindwa. Alirudisha mchanga uliokuwa chini yao, punje kwa punje. Aliyarudishia maji viwimbi vyake. Alifuta mpaka vivuli. Kazi ilikuwa safi hata Mwalimu Sabri akaitafuta kasoro kwa miwani zote mbili, moja juu ya nyingine, asiione. Akaisahihisha Jumatano, akapiga muhuri, ikaenda kuchapishwa.

Alhamisi Ilham alikwenda Bwejuu na uso mzito. Bi Mwanapili alikuwa barazani anakata kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umenuna, babu yako kakuposea mwengine?"

"Nimekufuta."

"Umenifuta wapi?"

"Kwenye bango. Wanataka pwani tupu."

"Lini?"

"Nilimaliza jana."

Bi Mwanapili akaweka kamba chini, akahesabu siku za mwezi kwa pingili za vidole. "Jana ilikuwa mwezi nane. Maji mafu, hayatoki. Jana mie nlikuwa hapahapa nnakata kamba zangu, pwani sikutia mguu. Sasa umemfuta nani?"

"Nimefuta picha, bibi."

"Siku ya maji mafu pwani haina mtu, we uifute usiifute. Umejitaabisha bure." Akaichukua tena kamba. "Na nnavyokujua, umejitaabisha vizuri. Hao wanafungua lini?"

"Jumatano ijayo."

Bibi akahesabu tena, akafika mwezi kumi na tano, bamvua yenyewe, akaanza kucheka polepole mpaka mkasi ukamponyoka.

"Nyumba yote ile, madirisha mia," alisema, "hamna mtu mzima mmoja wa kuwahesabia mwezi?"

Bango lilifika Bwejuu siku ya Jumapili limezungushiwa karatasi, na likatundikwa hivyohivyo. Jumatano saa tatu na nusu asubuhi karatasi ikatolewa. Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Walioalikwa kutoka chuoni walikuwa wawili, Mwalimu Sabri na Ilham, nao walikaa nyuma karibu na juisi. Suhail alisimama mbele akasoma hotuba ndefu kuhusu utulivu.

Alipofika ukurasa wa pili, maji ya bangoni yalianza kukupwa. Yalitoka taratibu kuelekea kwenye mwamba, kama yanavyotoka siku zote, yakaacha mstari wa povu juu kidogo ya ukingo wa chini wa fremu. Yakatokeza mawe, kisha vigingi, kisha kamba. Maji machache yalidondoka sakafuni, na mfanyakazi wa usafi akaja na kitambaa, akapangusa, akasubiri mengine. Halafu, upande wa kushoto, waliingia wanawake watano wenye vipolo mabegani. Bi Mwanapili alitangulia. Akaangalia kushoto na kulia kukagua usiku ulimharibia nini, akakaza kanga, akainama.

Suhail alimaliza ukurasa wake. Kisha akaja nyuma, akainama sikioni mwa Mwalimu Sabri.

"Hawa walikuwemo?"

"Siku niliyosahihisha hawakuwemo."

"Siku gani?"

"Jumatano iliyopita."

"Ilikuwa mwezi nane, mwalimu," alisema Ilham.

Mwalimu Sabri akatafakari. "Hilo kosa langu," alisema. "Mie kwetu bara, mwezi tunaungoja wa Ramadhani tu."

Wageni walikuwa wameshasimama, wamelizunguka bango. Mmoja, mama mrefu mwenye kofia ya ukindu, alimfuata kwa macho Bi Mwanapili akifunga mstari mzima bila kuinua kichwa. Akamgeukia Suhail, akauliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi:

"Wanawake hawa wanapita wapi?"

Ilham akaweka gilasi chini. Swali lilisikika mpaka jikoni.

"Wanaingilia kushoto," alisema Suhail, akaonesha kwa mkono upande wa kushoto wa fremu.

Mama yule akashukuru, akasogea kushoto apate kuwaona vizuri wakiingia, kama wapo waliochelewa.

Saa sita mchana geti lilifungwa kwa kufuli jipya, kama barua ilivyosema.

Bango halikuondolewa. Suhail si mjinga, aliona wageni wanahamisha viti vyao kulielekea. Kesho yake aliweka kibao kizuri cha mbao karibu na saa za chakula cha asubuhi, kinachoonesha siku za bamvua na saa za kukupwa, na akamwajiri mzee mmoja wa Bwejuu kumhesabia mwezi. Siku za maji mafu wageni wanaambiwa waende Kidichi wakaangalie mashamba ya viungo. Chini ya fremu paliwekwa bati la kukingia maji. Jina la Ilham liliandikwa kwenye shaba ndogo, kwa herufi alizozichagua mwenyewe, na kwa kweli ni herufi nzuri.

Alipata tisini na moja, alama ya juu kuliko zote zilizowahi kutolewa pale juu ya duka la vitambaa. Kwenye daftari la tafakuri, swali la kwanza alilijibu kwa ukurasa mzima. La pili alilijibu kwa mstari mmoja: nimejifunza kuwa mtu anaweza kujibu swali sawasawa na asiseme kitu. La tatu alilikalia siku tatu, kisha akaandika: ningepiga picha ya geti. Mwalimu Sabri akaandika pembeni kwamba geti lile linatazama kaskazini, halina mwanga mzuri, lakini wazo ameliona.

Bi Mwanapili sasa anazunguka. Mwani wake wa bangoni umestawi, mwekundu, mnene, unavunwa kwa wakati, na wageni wameshajua kwamba mistari mirefu ni yake. Mwani wake wa baharini umepungua nusu, maana akifika maji yanakuwa yanajiandaa kurudi. Njia ndefu inamleta juu ya mchanga, mbele ya hoteli, na ukumbi wa kupokelea wageni una ukuta wa kioo unaotazama bahari. Siku za bamvua anasimama hapo kidogo apumzishe magoti. Ndani, ukutani, yule mwengine ameshafunga mistari kumi na mbili.

"Umenitangulia tena, mke mwenzangu," humwambia.

Yule wa bangoni husogea kushoto kidogo, kumwachia nafasi, asiache kufunga.

Juzi, mwezi kumi na sita, alikuwa amelaza kiganja kwenye kioo anajaribu kuhesabu vigingi, mlinzi akaja. Mlinzi ni Shaame, mtu wa Bwejuu hapohapo, mke wake naye analima mwani na anazunguka.

"Bi Mwanapili, usishike kioo. Kimesafishwa sasa hivi."

"Amkia kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nambie, hichi kigingi changu cha mwisho kimelala au macho yangu?"

Shaame akasogeza uso kwenye kioo, akatazama. "Kimelala," alisema. "Anakwenda kukiinua."

Wakasimama wote wawili mpaka kigingi kikainuliwa. Kisha Bi Mwanapili akaipangusa alama ya kiganja chake kwa pindo la kanga, vizuri, mpaka kioo kikang'aa, akatia kipolo begani akashuka. Maji yalishamfika magotini kabla hajauona mstari wake wa kwanza.