Ndege ya Tarlochan

Juu ya paa la Tarlochan Singh ilikaa ndege ya abiria iliyojengwa kwa zege, na tumboni mwake lita elfu mbili za maji ya kuogea. Vijiji vya Jalandhar, India, ndivyo vilivyo: aliyefika ng'ambo hulijenga tangi lake la maji kwa sura ya kitu cha kujisifia. Kuna wenye tai, kuna wenye mpira. Tarlochan alitaka ndege, tena asimamie mwenyewe kila karai la zege.

Aliaga Marekani kwa miezi mitatu. Mkewe, Resham Kaur, alibaki California akichambua lozi ghalani. Bawa likatoka fupi, likavunjwa. Wakati linavunjwa, binti yao Simi, huko huko California, akajifungua mtoto wa kike. Mkia ukapinda, ukavunjwa nao. Miezi mitatu ikazaa miaka miwili na nusu, na mkazi wa kudumu wa Marekani kama yeye akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja hurudi kwa visa maalumu, athibitishe kwamba kilichomchelewesha kilimzidi nguvu.

Kilichomzidi nguvu Tarlochan ni sifa. Kwa kuwa sifa haina cheti, alitafuta daktari wa kuandika kwamba mgongo umemlaza kitandani muda wote huo.

"Baba Simi, sema ukweli," Resham alimwambia kwenye simu. "Sema ulipumbaa. Mjukuu anakua huyu."

"Wewe chambua lozi, Mama Simi. Mambo ya serikali niachie mimi."

Huko Delhi, afisa wa visa, mwanamama mpole, aliisoma barua ya daktari mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ana chochote cha kuonyesha kuwa moyo wake bado uko Marekani.

Swali tamu kuliko hilo Tarlochan hakuwahi kuulizwa. Akachomoa picha. Ndege ina bendera ya Marekani mkiani, naye ameipanda shingoni kama bwana harusi juu ya farasi, karai la zege kichwani. Tarehe imeandikwa pembeni.

Afisa akaitazama picha, akaitazama barua, akairudia picha.

"Siku hii mgongo ulikuwa unaendeleaje?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tarlochan iliishia hapo hapo kaunta.

Alirudi kijijini na karatasi ya kukataliwa mfukoni. Jirani yake Niranjan alikuwa amekaa barazani.

"Kaka, umekuja na basi? Na ndege unayo?"

Tarlochan alimpita hapo barazani. Aliingia ndani, akampigia mkewe, akamweleza yote mpaka ya picha.

"Basi njooni nyinyi huku," alimalizia. "Vyumba viko tisa."

Resham aliacha kuchambua lozi.

"Mtoto wa Simi ameanza kusema," alisema. "Umemwonyesha hiyo ndege yako kwenye simu mpaka sasa kila ndege ikipita juu, anainyooshea kidole anasema babu."

"Kweli? Na wewe unamwambiaje?"

"Nimemfundisha kupunga mkono."