Ufunguo wa Tatu

Baba yangu ni fundi wa vitasa na kuchonga funguo. Akimfungia mteja kitasa kipya, humkabidhi funguo mbili na kazi imeisha. Kwa sisi watoto wake huchonga na wa tatu, akautundika kwenye ubao ulio nyuma ya mlango wa karakana, kila ufunguo na msumari wake.

Msumari wa kaka yangu ndio wa juu kabisa. Kaka ana mke na watoto, lakini Baba huingia kwake kama anavyoingia jikoni kwake mwenyewe. Siku moja wifi yangu alitoka kazini akakuta kabati la vyombo limehamia ukuta wa pili, na Baba amekaa sebuleni anakunywa chai, akamweleza kwamba sasa mlango wa jiko utafunguka vizuri. Wifi aliniambia kilichomuudhi zaidi ni kwamba kweli ulifunguka vizuri.

Mimi nami nilikuwa nimeshapangiwa. Ningemaliza masomo, ningekaa naye kaunta, ningelala chumba cha nyuma ya karakana, ambacho alikipaka rangi ya bluu bila kuniuliza. Hata kibao cha nje alikiongezea maneno "na Binti". Nilipomwambia nimepata kazi ya kuchora ramani, na chumba cha kupanga karibu na ofisi, nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliuliza tu mlango ni wa mbao gani. Kesho yake akaja na kisanduku cha zana, akanifungia kitasa kizuri ajabu, akanipa funguo mbili na kushuka ngazi akipiga mluzi.

Mluzi ule ulinitia shaka. Jumapili nilipokwenda nyumbani nilichungulia nyuma ya mlango wa karakana. Msumari mpya, ufunguo mpya unang'aa.

Nilijaribu kumwambia. Kabla sijafika popote alinikatiza, akasema mtoto ambaye baba yake ana ufunguo hawezi kulala nje. Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipokwama. Ningekuwa na baba katili ningejua la kufanya. Huyu nampenda, na bado nilitaka mahali pamoja duniani ambapo hakuna anayeingia kabla sijasema karibu.

Ndani ya kitasa kuna pini ndogo za shaba, kila moja na urefu wake, na meno ya ufunguo huziinua mpaka zikalingana. Ukibadilisha pini, ufunguo wa zamani unakuwa kipande cha chuma tu. Baba alinifundisha hayo kabla sijajua kuendesha baiskeli. Basi nilikitoa kitasa changu mlangoni nikabadilisha pini tatu. Moja iliruka chini ya kitanda nikaitafuta kwa kutambaa. Kisha nikachonga funguo mbili mpya kwa tupa, polepole, kama alivyonionyesha.

Baada ya hapo nikawa nangoja. Kila nikirudi nilitazama tundu la ufunguo, nikijiuliza kama amekuja, na akija atafanya nini. Atapiga kelele? Atanuna? Nilishangaa kugundua kwamba sijui.

Alasiri moja nikamkuta. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wangu, miwani puani, kisanduku cha zana kando yake, pazia la bluu limekunjwa kwapani.

"Ufunguo wangu umekataa," alisema. "Nikadhani nimekosea kuchonga. Nimerudi karakana nikachonga mwingine. Nao umekataa."

"Najua, Baba."

"Nani amekigusa kitasa changu?"

"Mimi."

Alirudisha jicho kwenye tundu la ufunguo. "Pini ngapi?"

"Tatu."

"Umefanyia wapi, bila jiliwa la kukibania?"

Nilimwambia nilikibana kwa magoti. Akaguna, na sikuweza kujua ule mguno ni wa hasira au wa fundi aliyeona kazi. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Haya, nipe na mimi mmoja."

"Hapana, Baba."

"Na ukiugua humo ndani peke yako?"

"Nitakupigia simu. Utakuja."

"Nitachelewa."

"Labda utachelewa."

Alisimama, magoti yakalia. "Mwanangu, kitasa hiki nakifungua kwa waya kabla hujamaliza sentensi. Hujanizuia kitu."

"Sijakuzuia," nilisema. "Nimekuomba."

Nikafungua, nikaingia, nikaufunga mlango nyuma yangu. Nilisimama upande wa ndani, sikio kwenye mbao. Naujua mlio wa waya ndani ya kitasa. Ni kama panya anakwaruza karatasi. Nilisikia kisanduku cha zana kikifunguliwa. Nikasikia kikifungwa.

Halafu mlango ukagongwa. Chini mno, karibu na kiuno changu, kama mtu anayepima mbao kama zimeoza. Nimekua mikononi mwa mtu huyu na sikuwahi kujua anavyobisha.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Fundi."

"Sijaita fundi."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Baba yako, basi."

"Karibu, Baba."

Aliingia kama mgeni, akavua viatu mlangoni, akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu. Macho yake yalikwenda dirishani, ambako nilikuwa nimetundika shuka. Nikaona mkono wake unaanza kulikunjua pazia, ukasita. Akaitazama ile bluu, akanitazama mimi.

"Wewe," aliuliza, "unapenda rangi gani?"

Ilibidi nikae kitandani, nifikirie.