Kikaango cha Volti Mia na Kumi

Baba mkwe aliamua kuniachisha kazi mkesha wa Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno na mababu, mikono yangu imejaa unga na mayai. Hakuniuliza. Alisimama mlangoni mwa jiko, akakohoa, akasema, "Mama Jin-a, likizo ikiisha hurudi tena dukani. Wewe ni mke wa mwanangu wa kwanza, matambiko ya nyumba hii ni yako. Kesho nawatangazia mababu." Kisha huyoo, akarudi chumba cha wanaume kuimba.

Duka lenyewe ni langu, la kutengeneza vyombo vya umeme, pale sokoni mjini Daegu. Nimelianzisha nikiwa na mimba ya Jin-a, watu wakicheka kuona tumbo na bisibisi pamoja. Leo hao hao wanapanga foleni na feni zao. Niliache? Nilibana meno, nikatoka nje kisimani kuosha samaki, maana ningebaki pale ningesema neno.

Jikoni nilimwacha mama mkwe na vikaango viwili vya umeme. Kimoja kipya. Kingine ni kile chake cha zamani, cha enzi za volti mia na kumi, ambacho hata umtishe vipi hakitupi. Tangu kijiji kibadilishiwe umeme kuwa mia mbili na ishirini, kikaango kile hupitia kwanza kwenye transfoma inayoupunguza nusu. Siku hiyo transfoma haikuwepo mahali pake.

Basi shemeji yangu Hak-cheol, mdogo wa mume wangu, akajitia ujuzi. Akatoa pua ya nguruwe mfukoni. Kila nyumba kwetu inayo: kiplagi kidogo chenye matundu mawili, unaivalisha plagi ya kizamani ili iingie kwenye tundu jipya. Akaivalisha, akachomeka, akaondoka anapiga mluzi.

Nilisikia mama mkwe akipiga yowe. Kuingia, moshi tupu! Kikaango chekundu chini, samaki wameshakuwa mkaa, mafuta yanaruka. Kabla sijakifikia, tap! Swichi kuu ya jiko ikajikata, taa ikazimika, na sufuria ya umeme ya wali nayo kimya.

Wanaume wakaja kuangalia. Baba mkwe akatazama taa, akanitazama mimi. "Ala! Jiko lina fundi umeme na halina umeme! Ndiyo kazi unayoililia hiyo?"

Wakacheka wote. Hata mume wangu Deok-su alicheka, na hicho ndicho kilichoniuma.

Nikachomoa kikaango, nikakigeuza kwa kitambaa. "Shemeji, soma hapo chini."

"Volti mia na kumi, ampea tano," akasema Hak-cheol.

"Gawa volti kwa ampea."

"Aa, shemeji, sikukuu hii…"

"Gawa!"

"Ishirini na mbili."

"Huo ndio ukinzani wake, omu ishirini na mbili. Waya wa ndani ni ule ule, hata uuvalishe pua ya tembo. Pua inabadilisha miguu ya plagi, haipunguzi volti hata moja. Sasa gawa volti za ukutani kwa hizo ishirini na mbili."

Akapiga hesabu midomo ikicheza. "Kumi."

"Ampea kumi. Mara volti mia mbili na ishirini?"

"Wati elfu mbili na mia mbili."

"Na chenyewe kimeundwa kwa mia na kumi mara tano, wati mia tano na hamsini. Umekilisha mara nne, bwana wee! Volti zimekuwa maradufu, na mkondo nao maradufu. Jumlisha ampea tano za kikaango kipya na tano za wali, jumla ishirini. Swichi hii inabeba kumi na tano. Imejikata kwa kuwa ina akili kukushinda. Na transfoma mmeipeleka wapi?"

Transfoma ilikuwa chumbani kwao, inaendesha mashine ya baba mkwe ya kuimbia, nayo ya mia na kumi.

Nikadhani nimeshinda. Mjinga mimi.

"Hesabu zako sawa," akasema baba mkwe. "Kazi utaacha vilevile. Chagua. Mkono unaoshika nyaya za watu haushiki chakula cha mababu zangu."

"Basi haushiki," nikasema. Nikafungua aproni, nikaiweka juu ya beseni la samaki. "Likizo ikiisha nafungua duka, Baba. Na mwakani nalifungua. Mtake msitake."

Mabeseni matatu ya samaki na maboga yalikuwa bado hayajaguswa.

Mama mkwe, aliyekuwa akipuliza kidole kilichoungua, akauliza polepole, "Mama Jin-a, hiki kipya kinakula ampea tano. Laini ya chumba cha wanaume itakiweza?"

"Itakiweza, Mama. Ina swichi yake peke yake."

Akakibeba. Akapita katikati yao wote, akasukuma karata na chupa za pombe ya soju pembeni, akakitua mbele ya mto wa kukalia wa baba mkwe, kisha akarudi kuchukua beseni.

"Mzee, njoo ukae," akamwita. "Ni mababu zako, si zangu. Nawakaangia tangu nina miaka kumi na tisa na sura zao sizijui. Huyu ukimfukuza jikoni, mimi nafuata."

Deok-su alikuwa wa kwanza kukunja mikono ya shati. Hakuthubutu kunitazama. "Mama, mafuta kiasi gani?"

"Muulize baba yako."

Asubuhi baba mkwe aliinama mbele ya meza ya tambiko, vidole vina malengelenge. Akawatangazia mababu mavuno, akatangaza na nyumba mpya ya Hak-cheol. Nilisimama mlangoni, viatu nimeshavaa, namngoja athubutu kulitaja duka langu. Hakulitaja.