Kipimo cha Mama Watoto

Siku Fundi alipotangaza kwamba amechoka kuishi kwenye nyumba, nyumba yenyewe haikusema kitu. Ingekuwa na mdomo ingemkumbusha kwamba bati la jikoni linavuja tangu binti yao yuko darasa la kwanza, na binti huyo sasa ni muuguzi mwenye watoto wake. Lakini nyumba hazina midomo, na mkewe, aliyekuwa nao, alikuwa anatafuna.

"Nusu mwezi hapa, nusu mwezi barabarani," Fundi alisema, simu ameiinua juu kama askari anayeonyesha kitambulisho. Kwenye simu kulikuwa na kijana na mchumba wake wamekaa mlangoni mwa gari, wanakunywa kahawa, ziwa mbele yao, nywele safi, na hata nzi mmoja hakuna. "Unaona? Watu wanaishi! Unalala ndani ya gari, unapika ndani ya gari, ukichoka na mahali unawasha unaondoka. Wiki mbili unapumua, wiki mbili unarudi kwenye matatizo yako."

Haya. Huyu anayetaka kupumua alikuwa seremala wa vitanda na makabati, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kwenye mazishi ya shangazi yake. Alilala huko usiku mmoja tu, na mpaka leo akikumbuka msiba ule anachokilalamikia ni mto.

Mkewe alimeza alichokuwa anatafuna, akauliza jambo moja tu: "Gari gani?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni alikuwa anaruka kamba. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa sababu miaka ishirini na ushee aliendesha basi la shule, nyuma yake watoto wanapiga kelele, wanatapika, wanauliza kama wamefika. Kila siku ya Mungu alifika kwenye njia panda ya kituo cha mafuta, akakata kulia. Barabara ya kushoto ilipanda kilima, ikapita kwenye safu ya miti, ikapinda, basi. Baada ya kona ile hakujua kuna nini. Alijiahidi kwamba akistaafu atakata kushoto. Alipostaafu shule ilimpa zawadi ya saa ya ukutani, ili aone vizuri muda unavyompita akiwa amekaa sebuleni, na gari hakuwa nalo.

Hakumwambia mumewe habari za kushoto. Watu waliooana zamani wana ugonjwa huu, kila mmoja anadhani mwenzake anamsikia akiwaza.

Gari lenyewe lilipatikana kwenye kiwanda cha mikate kilichokuwa kinauza magari yake ya zamani. Fundi alilizunguka mikono ikiwa nyuma, akalipiga tairi teke, kwa sababu kwenye simu ndivyo wanavyofanya. Dereva alifungua boneti, akatega sikio, akaingia, akakanyaga pedali, akasema, "Klachi imekwisha, breki ya nyuma inashika upande mmoja, lakini injini bado ina roho. Wakitengeneza hivyo viwili, lichukue." Walitengeneza. Wakati wa kurudi nyumbani, Dereva akiwa kwenye usukani na yeye amekaa pembeni, Fundi alipapasa dashibodi akasema, "Umeona nilivyolichagua?" Leseni Fundi alikuwa nayo, tusimwonee. Ila kila aliporudi rivasi, majirani walianua nguo.

Sasa hapa lazima uelewe jambo moja kuhusu Fundi, maana bila hilo utadhani natia chumvi. Tepu yake ya kupimia ilikatika ncha mwaka uleule aliooa, na badala ya kutafuta nyingine, akaona mke yupo. Tangu hapo anapima kwa mke. "Mama watoto, njoo!" Anakuja, ananyoosha mkono, anasimama, anachuchumaa, Fundi anaweka alama ya penseli, kazi inaendelea. Jikoni kwa majirani wote meza ni za kimo cha Dereva, na Dereva ni mfupi. Kuna wanawake warefu pale mtaani wameinama kwenye meza zile miaka nenda rudi, mgongo unawauma, wanadhani ni uzee.

Kwa hiyo Fundi alipoita, "Mama watoto, njoo, lala hapa nipime kitanda," Dereva aliacha vyombo kwenye beseni akakimbia. Alilala kwenye sakafu ya gari iliyokuwa bado inanukia mikate, akatazama juu, akaona anga kupitia tundu la feni, akafurahi mpaka akaona aibu. Mtu akikupima kitanda cha safari, wewe unaelewa nini? Jioni alimpigia simu binti yake. "Mama yako anasafiri," alisema, akicheka kama msichana. Alinunua na raba mpya, akazificha chini ya kabati.

Jumapili alikuja Kinyozi, jirani yao, mtu ambaye hawezi kusikia jambo bila kulitia wembe. Fundi alimtembeza kwenye gari kwa mbwembwe zote, hatua mbili kwenda na mbili kurudi. Huku jiko la gesi, huku tangi la maji, huku kitanda.

"Chembamba," Kinyozi alisema. "Shemeji atalala wapi?"

Dereva alikuwa anakuja na sinia la chai. Alisimama palepale, akasubiri jibu, maana kitanda chenyewe hata yeye alikiona chembamba, lakini alijua Fundi ana akili ya kukunjua mbao, huenda kitapanuka.

Fundi alicheka. "Nani, huyu? Aende wapi? Mtu lazima abaki alinde nyumba. Halafu ameendesha magari maisha yake yote, si apumzike!" Akamgeukia kwa upole kabisa, upole wa mtu anayekupa zawadi ya kitu chako mwenyewe. "Au siyo, mama watoto?"

"Sawa," alisema Dereva.

Waswahili tuna sawa nyingi. Kuna ya kukubali, kuna ya kumaliza maneno, na kuna hii, ambayo mwanamume mwenye akili timamu akiisikia huweka kikombe chini na kuanza kuomba msamaha kabla hajajua kosa. Fundi aliongeza sukari.

Siku ile Dereva aliumia. Aliingia chumbani, akazitoa zile raba, akazitazama, akazirudisha. Alijiona mjinga. Si kwa kuachwa tu, wanawake wengi wameachwa nyumbani na dunia haikusimama. Kilichomchoma ni kwamba alilala kwenye ile sakafu akiwa amefurahi, kumbe yeye alikuwa tepu.

Basi angeweza kugoma. Angeweza kusema mgongo unamuuma, atafute rula. Hakugoma, ng'o. Kila alipoitwa alikwenda, tena haraka, tena akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, hakuchuchumia, hakujinyoosha hata kidogo. Rafu za vyombo zikawekwa pale mkono wake ulipofika. Kibao cha kukatia mboga kikasimama kwenye kiuno chake. Kabati la juu likashuka mpaka juu kidogo ya kilemba chake. Ikafika zamu ya kiti cha dereva, ambacho reli zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi alizing'oa, akatengeneza sanduku imara la mbao, la kuwekea viatu ndani, kiti juu yake.

"Mama watoto, njoo! Kaa hapa, kanyaga klachi. Inafika?"

"Inafika."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, mzee."

Akakaza bolti. Nyuma ya kiti akajenga kabati la nguo, la mbao ngumu, limeshikana na kitanda, kitanda kimeshikana na jiko, jiko limeshikana na ukuta. Kazi safi. Kama kuna kitu Fundi alikijua duniani, ni kufanya kitu kisitoke tena. Na muda wote huo yeye mwenyewe, na ile miguu yake ya korongo, hakulala, hakukaa, hakujaribu hata mara moja. Alikuwa anajenga, wa kujaribu alikuwepo.

Siku ya kuondoka majirani walijaa. Fundi alitoka amevaa kofia mpya na miwani ya jua, akawapungia mkono kama anakwenda kuwakilisha taifa. Dereva alikuwa mlangoni, amevaa kanga kiunoni. Ukimtazama vizuri, alikuwa amevaa na raba.

Fundi alifungua mlango, akaingiza mguu mmoja. Goti likagonga usukani. Akautoa, akaanza na mwingine. Ukagonga. Akaingia kwa kujikunja, kofia ikaanguka, magoti yakapanda pande zote mbili za usukani mpaka honi ikalia yenyewe. Alivuta kiti nyuma. Kiti kiko kwenye sanduku. Klachi aliikanyaga kwa kisigino, gari likaruka kama lina kwikwi, likazima.

"Pumzika kwanza kitandani!" Kinyozi alipiga kelele, na mtaa ukaangua kicheko.

Fundi, kwa hasira, akaenda kitandani kweli. Njiani kabati la juu lilimpiga kwenye paji la uso. Alilala, na miguu yake ikatoka nje ya mlango wa nyuma, kuanzia katikati ya muundi mpaka viatu, ikabaki inaning'inia mbele za watu.

"Nani kapima hii?" aliuliza kutoka ndani.

Fundi aliketi taratibu, akamtazama mkewe, akalitazama kabati, akalitazama jiko, na ukamwona kabisa mtu anasoma vitu alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Nitabomoa," alisema. "Nipe wiki tatu, nne."

"Bomoa nikirudi," alisema Dereva.

Alifungua kanga kiunoni, akaikunja, akamwekea begani. Kwenye sanduku la viatu, nguo zake zilikuwa zimepangwa tangu jana yake. Alipanda. Mgongo ukaegemea, mguu ukafika, mkono ukaifikia gia bila kutafuta. Gari zima lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Aliwasha, injini ikaitika mara ya kwanza.

Fundi alikuja dirishani, uvimbe umeanza kuota kwenye paji. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sikujua kama unataka kwenda."

"Umenipima kila mahali, mzee," alisema Dereva. "Mikono, miguu, kiuno, mpaka kichwa. Kuniuliza ndio ulisahau."

Fundi aliishika ile kanga begani. Akasema, "Na mimi je?"

"Mtu lazima abaki alinde nyumba. Bati la jikoni lile pale. Na utafute tepu."

Aliondoka bila kuruka na bila kuzima. Kwenye njia panda ya kituo cha mafuta mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye indiketa ya kulia, ukaiwasha, naye akabaki anausikiliza ule mlio wa miaka ishirini na ushee. Gari la nyuma lilipiga honi. Alilia, ndiyo, alilia, na kama kungekuwa na abiria asiyependa, angeshuka. Kisha akaizima indiketa, akawasha ya kushoto, akakata.

Akapita miti, akapita kona. Hakukuwa na ziwa. Kulikuwa na fundi wa matairi, jalala dogo, na mbuzi amesimama katikati ya barabara anajiona diwani. Dereva alimpigia honi, akarudisha gia moja, akaendelea kupanda.