Lipa Posta Tu

Ujumbe wa nne uliingia Kaltumi akiwa ameketi sakafuni, anachagua mawe katika maharage ya mwisho. Alifuta vidole ubavuni mwa gauni lake jeupe la eda, akausoma mara mbili, midomo ikitembea bila sauti. *Mteja mpendwa, cherehani yako ya BURE imefika Nakawa. Ada ya kuhifadhi ni shilingi elfu tano kwa siku. Baada ya siku saba atapewa mjane mwingine.*

Hilo la mjane mwingine ndilo lililomchoma. Ada alikwisha zizoea.

Ilikuwa siku ya themanini na tatu tangu mumewe Sulaimani, dereva wa lori la saruji, alalamikie kifua jioni na asubuhi asiamke. Zilibaki siku arobaini na saba za kukaa ndani. Kabla ya msiba Kaltumi alikuwa akishona sare za shule sokoni Owino, kwa cherehani ya kukodi kwa siku. Mwenye cherehani alikuja msibani hapa Kibuli, akala pilau, akatoa mabugo yake ya rambirambi kama watu wengine, na wiki iliyofuata kiti cha Kaltumi akampa mtu mwingine. Kaltumi hakumlaumu. Cherehani haikai eda.

Tangazo lilimfikia kupitia kundi la wasapu la akina mama wa mtaa, na hakuna aliyejua nani alilileta. Lilikuwa na picha ya cherehani nyeusi ya chuma, gurudumu linang'aa, maua ya dhahabu ubavuni. *Neema Mkononi inatoa cherehani mia tano BURE kwa wajane wa Kampala. Lipa posta tu.* Posta yenyewe ilikuwa elfu arobaini na tano. Kaltumi alifikiria usiku mmoja tu. Ukiwa na cherehani yako chumbani, eda haikuzuii kushona. Vitambaa vitaletwa mlangoni, sare zitatoka mlangoni. Akachomoa elfu arobaini na tano katika mabugo, zile pesa za rambirambi alizozifunga kwenye kitambaa cha kichwa, akampa jirani yake Aloyo akazitie kwenye simu.

Mtu mwingine angepanda boda akaenda kuikagua hiyo ofisi kwa macho yake. Yeye alikuwa ndani.

Siku nne baadaye alipiga simu msichana wa Neema Mkononi, mwenye sauti laini, sauti ya mtu aliyekunywa chai.

"Mama, kuna tatizo kidogo. Hii laini imesajiliwa kwa jina la Sulaimani."

"Ni mume wangu. Ndiye aliyefariki."

"Pole sana, mama. Sasa kifurushi kimetoka kwa jina lake, na yeye hawezi kuja kusaini."

"Hawezi," Kaltumi alisema.

"Basi tutakufanyia barua ya idhini. Ni elfu sitini. Cherehani inabaki bure."

Akalipa elfu sitini. Mtu akishatoa arobaini na tano, sitini huwa ni ya kuiokoa ile ya kwanza. Mfa maji hushika maji, na maji ya Kaltumi yalikuwa yamefika kidevuni, kwa sababu upande wa pili alikuwako Abdul-Latif.

Abdul-Latif alikuwa kaka wa marehemu. Alisimamia magari ya abiria stendi, na nyumba hii ya vyumba vitano, aliyoiacha baba yao, aliisimamia vivyo hivyo: nani apande, nani ashuke. Alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, kanzu imepigwa pasi, na hakuwa akikaa.

"Mama Nabilah, mimi sikufukuzi," alisema Ijumaa iliyopita, amesimama kizingitini. "Ni ukoo ndio unaouliza. Hiki chumba kuna mwalimu anakitaka, na analipa."

"Kaka yako alikuwa halipi, shemeji."

"Kaka yangu alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Wewe ni mke wake, na yeye hayupo." Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayemfafanulia abiria kwa nini nauli imepanda. "Elfu mia moja. Ijumaa ya wiki ijayo. Ukishindwa, mtoto tutamchukua sisi, damu yetu hatuitupi. Wewe utarudi kwenu Bombo."

Nabilah, aliye na miaka tisa, alikuwa nyuma ya pazia anafanya hesabu za shule. Penseli yake ikanyamaza.

"Nitazipata wapi, shemeji, nami nimefungiwa ndani?"

"Mungu hamsahau mja wake. Ila mlango huu usiutoke. Wanubi wenzetu wote wanatutazama. Usije ukamwaibisha marehemu."

Yaani alipe, na asitoke. Kaltumi aliyageuza maneno hayo siku tatu nzima akitafuta mlango wake, asiuone. Shehe aliyesoma dua siku ya maziko alikuwa amesema wazi kwamba mjane huruhusiwa kutoka mchana kutafuta riziki. Lakini shehe hana chumba cha kupangisha.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi, Abdul-Latif akiwa stendi na Nabilah shuleni, Kaltumi alifungua kitambaa cha kichwa kwa mara ya mwisho. Mlikuwa na elfu thelathini na tano za kuhifadhi, za siku zote saba, na vijisenti vya boda. Alijifunika hadi machoni. Aloyo, aliyekuwa akimletea maji na makaa tangu msiba uingie, akamwitia boda hadi nyuma ya nyumba. Aloyo alikuwa mjane wa askari, mtu wa Gulu, kulikokuwa na vita, na alijua kujificha.

"Enda," alimwambia. "Mtu akiuliza, nasema unaumwa tumbo. Na ukikuta ni kweli, uniambie. Mimi pia niko mjane."

Jua la Kampala lilimpiga usoni hata kupitia mtandio. Kwa siku themanini na tatu hakuwa ameona barabara. Alikaa upande upande kwenye boda, miguu pamoja, na njia nzima aliwaona watu wote wakimtazama, ingawa hakuna aliyemtazama.

Ofisi ya Nakawa ilikuwa nyuma ya duka la matairi, dirisha moja lenye nondo. Nje palikuwa na foleni ya wanawake kumi na mmoja. Hawakuzungumza sana. Mama mmoja Mkongomani, aliyeitwa dirishani kwa jina la Hortense, alipokea boksi lake, akalifungua kidogo, akachungulia, akalifunga, akatoka bila kumwangalia mtu. Kaltumi alidhani amefurahi hadi maneno yamemkauka.

Zamu yake ilipofika, kijana wa dirishani, beji yake imeandikwa Jasper, alipokea elfu thelathini na tano, akagonga muhuri kwenye karatasi, akamsukumizia boksi. Lilikuwa na ukubwa wa mkate.

"Hili ni la nini?" Kaltumi aliuliza.

"Cherehani yako, nnyabo," alijibu, akimwita mama kwa Kiganda.

Alilifungua palepale. Ndani mlikuwa na kidude cheupe cha plastiki, cha kushikwa kwa kiganja kama mashine ya kubania karatasi. Kilikuwa na sindano moja na kibiringo kimoja cha uzi mwekundu. Pembeni palikuwa na mahali pa betri, na betri hazikuwamo.

"Kwenye picha ilikuwa ya chuma," alisema.

"Picha ni ya kuonyesha tu. Masharti iko chini pale, imeandikwa."

"Hii haishoni sare."

"Inashona, nnyabo. Tia betri utaona. Inashona kabisa."

"Nimelipa elfu mia moja na arobaini." Sauti yake ilikuwa ndogo, na alichukia kuisikia. "Kitu cha robo kilo. Posta gani hiyo?"

Jasper hakukasirika. Alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi, akalijibu tena kwa upole. "Nnyabo, cherehani ni bure. Hakuna mtu amekuuzia kitu. Wewe ulilipa posta, na posta imefika. Sivyo?"

"Chukueni chenu. Nirudishieni."

"Kurudisha pia ni bure," Jasper alisema. "Unalipa posta tu."

Kaltumi alishika nondo za dirisha. Aliwaza polisi, akawakumbuka polisi wa ile siku ya zamani lori la Sulaimani lilipogongwa, walivyoomba kwanza pesa ya mafuta ya gari, kisha pesa ya karatasi ya kuandikia. Aliwaza Ijumaa. Aliwaza Nabilah akilala chumbani kwa mke wa Abdul-Latif, akiosha vyombo vya watu saba. Akajikuta amechuchumaa chini ya dirisha, nguo nyeupe kwenye vumbi, na nyuma yake foleni ikasogea kumpita.

Ni Jasper aliyetoka kumwinua. Alikuwa amemtazama vizuri sasa, hasa nguo.

"Hii ni ya eda, sivyo? Uko ndani ya eda yenyewe, sasa hivi?" Akafikiri. "Nnyabo, usilie. Kuna njia ya kupata pesa yako. Ingia."

Chumba cha ndani kilikuwa na taa mbili za miguu mirefu na kitambaa cha kijani ukutani. Mbele ya kitambaa, juu ya meza, ilikuwapo cherehani nyeusi ya chuma. Gurudumu lilikuwa linang'aa, na maua ya dhahabu yalikuwapo. Mguu wa meza ulikuwa umefungwa mnyororo.

"Tunakupiga video," Jasper alisema. "Dakika moja tu. Unasema umepokea. Inakwenda kwa makundi yote. Kila mtu akilipa posta kwa kupitia video yako, elfu tano yako inaingia kwa simu, palepale. Wengine wanapata laki mbili kwa wiki."

"Nidanganye wenzangu?"

"Udanganye nini? Umepokea au hujapokea?"

Kaltumi alimtazama. Kisha, bila yeye kutaka, akapiga hesabu. Elfu mia moja ilikuwa wanawake ishirini. Leo Jumanne.

"Shemeji yangu ataniona."

"Kila mtu atakuona, nnyabo. Ndiyo kazi yenyewe."

Akasimama kando ya cherehani. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gurudumu, ukalizungusha. Lilikuwa limetiwa mafuta vizuri. Sindano ilipanda ikashuka bila kelele, na kwa kitambo kidogo Kaltumi alisahau alipo. Aliinama kutazama mvutano wa uzi, akaulegeza kidogo, jinsi ulivyostahili kuwa. Jasper alikuwa amekwisha anza kurekodi.

"Hiyo nzuri sana," alisema. "Sasa sema."

Mara ya kwanza sauti ilimkatika. "Usilie," Jasper alimwelekeza. "Wakiona mtu analia hawalipi." Mara ya pili alisahau kutabasamu. "Na taja marehemu. Mjane bila marehemu, watu wanauliza maswali."

Mara ya tatu akasema yote. "Naitwa Kaltumi, wa Kibuli. Nilimpoteza mume wangu Sulaimani. Nimepokea cherehani kutoka Neema Mkononi, bure. Nililipa posta tu. Alhamdulillahi." Alipolitaja jina la Sulaimani alihisi amemvua sanda. Taa zikazimwa. Jasper alimfungulia mlango kwa heshima, akamkumbusha asisahau boksi lake.

Alasiri alikuwa bado juu ya boda, karibu na Kibuli, simu ilipotetemeka. Alidhani ni elfu tano. Ulikuwa ujumbe wa Abdul-Latif. *Nimekuona. Nguo za eda mbele za watu. Tutaongea. Ijumaa iko palepale.*

Akausoma tena. Aibu ya ukoo ilikuwa imepewa sentensi tatu fupi, na kodi moja. Akaelewa kwamba akileta pesa, hata eda itasamehewa.

Aloyo alikuwa akimngoja nyuma ya nyumba, mikono myeusi kwa makaa, uso wote umefunguka. Alimkumbatia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na boksi lililofichwa kwapani likawabana mbavu wote wawili.

"Nimekuona kwa simu," Aloyo alisema. "Umesimama na ile masini, unazungusha kama mwenyewe. Nimelia. Nimewaita wamama wote ya kwa kona, nimewaonyesha. Nikasema, huyu ni jirani yangu, hawezi kudanganya."

"Aloyo."

"Subiri niseme. Nimelipa. Sasa hivi tu nimetuma. Ilikuwa pesa ya shule ya Akot wangu, lakini mwalimu atangoja, mimi nitamweleza. Nikishona miezi mbili narudisha yote." Alicheka, akajifuta jicho, akaacha alama nyeusi shavuni. "Hao wengine wanatuma jioni. Watatu, wanne. Wote kwa sababu yako."

Simu ilitetemeka mkononi mwa Kaltumi. Safari hii ilikuwa ni pesa. *Umepokea shilingi 5,000.* Wamebaki kumi na tisa.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na ndani Nabilah, aliyekwisha toka shule, alikuwa akiimba akipiga deki. Aloyo alikuwa amemwambia mama anaumwa tumbo, amelala kwake; hakujua kwamba alitoka, wala kwamba amerudi.

"Mama Nabilah," Aloyo aliuliza, ameshusha sauti kama mtu anayeona haya kuuliza jambo la kipumbavu, "ile masini ni nzito? Siku ikifika nitaweza kubeba peke yangu, au nitafute mtu?"

Kaltumi alililaza boksi vizuri chini ya mtandio.

"Ni nzito," alisema. "Tafuta watu wawili."